Yetu ni ipi, yao ni ipi? Majina yanayochanganya kwenye Git

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko kwenye maelezo ya Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, yale unayoyasoma mara tatu na bado hujui ubonyeze nini. Baraka, tuanzie wapi?

BARAKA: Kwenye indeksi. Ukishaandika `git add`, mabadiliko yako yanakaa mahali yakisubiri komiti, yaani kuhifadhiwa rasmi kwenye historia. Mahali hapo wengine wanapaita indeksi, wengine keshi, wengine steji. Kitu ni kimoja: faili liitwalo `index`, ndani ya folda la `.git`.

ZUHURA: Majina yote hayo ya nini?

BARAKA: Yamerundikana tu. Linus Torvalds alipoianzisha Git mwaka 2005 ilikuwa keshi. Mwaka huohuo amri ya `update-cache` ikawa `update-index`. Steji ikaja baadaye, na kwa kweli ndiyo inayoeleweka upesi. Leo `git diff --cached` na `git diff --staged`, amri za kuonyesha mabadiliko yaliyo kwenye indeksi, zinatoa jibu lilelile.

ZUHURA: Basi ni visawe. Tatizo liko wapi?

BARAKA: Nenda kwenye `git apply`, amri ya kuweka mabadiliko yaliyoandikwa kwenye faili la kiraka. Kule `--cached` inagusa indeksi peke yake, na `--index` inagusa indeksi pamoja na mafaili unayoyafanyia kazi.

ZUHURA: Ala! Yaani majina ya kitu kimoja, kazi mbili?

BARAKA: Ndiyo hivyo. Ukurasa wa maelezo uitwao `gitcli` unalifafanua vizuri, ila mgeni hajui hata kama upo.

ZUHURA: Mimi linalonikera ni `ours` na `theirs`, yaani "yetu" na "yao". Uko kwenye tawi la `main`, yaani mkondo mmoja wa kazi, unaunganisha tawi la `malipo` kwa `git merge`, mgongano unatokea: matawi yote mawili yamebadili mahali pamoja. `ours` ni `main`, ulipo wewe. Sawa. Sasa kaa kwenye `malipo`, andika `git rebase main`, amri ya kuhamishia kazi yako juu ya `main`. Mgongano ukitokea, `ours` ni `main`, na kazi yako mwenyewe ndiyo `theirs`!

BARAKA: Kwa sababu Git inahamia kwanza kwenye ncha ya `main`, halafu inazirudia komiti zako juu yake moja baada ya nyingine. Kwa macho ya Git, wewe ndiye mgeni.

ZUHURA: Naelewa mantiki yake, dada zako tunasoma. Lakini mtu akiandika `git checkout --ours` akidhani anaokoa kazi yake, anachukua ya `main`.

BARAKA: Na onyo lipo, waandishi wa maelezo wanasema wazi kwamba pande zimebadilishana. Ila kwenye ukurasa wa `git rebase` limewekwa chini ya chaguo la `--merge`. Nani anafika huko akiwa na mgongano mkononi?

ZUHURA: Si wabadilishe jina tu?

BARAKA: Skripti za watu zitavunjika. Jina la chaguo likishatoka, limetoka. Hata `git checkout` iliyokuwa ikibadili tawi na kurudisha mafaili hawakuiondoa. Mwaka 2019, toleo la 2.23, wakaongeza `git switch` na `git restore` pembeni. Kinachoweza kubadilika ni maelezo: wachague jina moja, na onyo likae palepale mtu anapokwama.

ZUHURA: Na wakati tunasubiri?

BARAKA: Usikisie upande. Fungua faili, tazama alama za mgongano. Wakati wa `rebase`, juu pameandikwa `HEAD`, hiyo ni `main` pamoja na komiti zako zilizokwisha kupita. Chini, baada ya `>>>>>>>`, kuna namba ya komiti na ujumbe ulioandika mwenyewe.

ZUHURA: Kama ujumbe wenyewe si "marekebisho" na basi.

BARAKA: Hapo, dada yangu, usiilaumu Git.