Daftari la Mjomba

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Wiki hii nilishinda kwa mjomba. Akaunti yake ya barua pepe ilidukuliwa.

BARAKA: Pole yake. Waliingiaje?

ZUHURA: Alikuwa na nywila moja kila mahali. Tovuti fulani ya zamani ikavuja, wezi wakaijaribu kwenye barua pepe, ikakubali. Tukabadilisha nywila, tukaweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia. Kabla sijaondoka nikapekua mipangilio, nikakuta agizo: kila barua yenye neno "benki" itumwe kwa anwani nisiyoijua, kisha ifutwe.

BARAKA: Kumbe kufuli limebadilishwa na mwizi bado anasoma barua!

ZUHURA: Ndiyo maana nasema, ukishairudisha akaunti, kagua sehemu ya kusambaza barua, halafu uondoe vifaa vyote vilivyoingia humo. Basi, mjomba sasa kanunua daftari. Kila akaunti na nywila yake, kwa kalamu. Nikamwambia aendelee.

BARAKA: Hapana, dada. Hapo umempotosha.

ZUHURA: Kivipi? Mdukuzi aliye mbali atafunguaje droo ya mjomba?

BARAKA: Droo haimlindi na tovuti bandia. Akiletewa ukurasa unaofanana na wa benki, atafungua daftari na kuinakili nywila yote. Programu ya kutunza nywila hulinganisha anwani ya tovuti na ile iliyohifadhiwa, isipolingana, haijazi nywila.

ZUHURA: Na programu yenyewe ikiibiwa? Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za hifadhi za wateja wa LastPass, mojawapo ya programu hizo.

BARAKA: Nywila zilikuwa zimefumbwa, hazisomeki. Mwenye nywila kuu, ile inayofungua hifadhi yote, ikiwa ndefu, isiyotumika kwingine, alikuwa na kinga kubwa.

ZUHURA: Na mwenye fupi je? Tena anwani za tovuti hazikuwa zimefumbwa. Mjomba ana miaka sabini na kitu, Baraka. Akisahau hiyo nywila kuu, amepoteza zote kwa mpigo.

BARAKA: Aiandike hiyo moja, aifungie kabatini.

ZUHURA: Si daftari hilo?

BARAKA: Moja si zote! Anayeandika kwa mkono huchoka, anafupisha. Umeziona za mjomba?

ZUHURA: Nimeziona. Maneno manne manne yasiyohusiana, na sifuri ameikata mstari isifanane na O. Hakuna mbili zinazofanana.

BARAKA: Leo. Akaunti ya thelathini atarudia.

ZUHURA: Humjui mjomba.

BARAKA: Na nyumba ikiingia maji? Mgeni akilipiga picha?

ZUHURA: Mgeni wa nyumbani namjua kwa jina. Mimi sibadili ushauri wangu.

BARAKA: Wala mimi. Wazee ndio wanaoletewa kurasa bandia kila siku, nao ndio tunaowanyima kinga hiyo.

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha dakika moja.

BARAKA: Tuliahidi ruta, masasisho na nakala rudufu.

ZUHURA: Muda hautoshi. Ruta tu, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, haraka: badilisheni nywila ya msimamizi, ya kuingilia mipangilio yake, iliyokuja nayo.

BARAKA: Na wapi waiandike?

ZUHURA: Baraka, muda umekwisha. Kwaherini, jamani.