Mohammed Karim, dairekta aliyesahaulika wa Misri

Haya, asanteni kwa kuja, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Leo tunaongea kuhusu Mohammed Karim, na nasema wazi toka mwanzo kwamba naona mzee huyu kadhulumiwa, maana ukigusia muvi za zamani za Misri watu wanakutajia waimbaji na mastaa, dairekta hata jina hawalijui.

Kazaliwa Cairo 1896. Akaanza kama muigizaji kwenye muvi fupi za kampuni ya Waitaliano kule Alexandria, halafu akaenda Ulaya, Roma kisha Berlin, huko ndo akajionea studio kubwa zinavyofanya kazi.

Karudi nyumbani, na 1930 akatoa Zeinab, muvi bubu, msichana wa kijijini anampenda huyu anaozeshwa yule. Imetoka kwenye riwaya ya Mohammed Hussein Haykal, na hapa nisikilizeni vizuri, riwaya ilipotoka mara ya kwanza Haykal hakuweka jina lake, alijiita tu Mmisri mkulima. Sasa Karim anamchukua huyo mkulima anamweka katikati ya skrini, miaka ile! Inasimuliwa kwamba kabla ya kupiga picha aliagiza ng'ombe waogeshwe na miti ioshwe vumbi. Wakosoaji wanamlaumu, eti kijiji kisafi mno, umaskini hauonekani. Lawama ina ukweli wake, sikatai, lakini mimi namuelewa kabisa, matajiri wa mjini walikuwa wanamdharau mkulima na Karim alitaka wamtazame kwa heshima, akianza na ng'ombe wake.

Halafu kuna Mohammed Abdel Wahab, muimbaji maarufu wa Misri. Muvi zote saba alizoigiza kama staa mkuu, kuanzia al-Warda al-Bayda ya 1933 mpaka ya mwisho 1946, zote kaongoza Karim! Muimbaji kazoea jukwaa, wimbo unaenda mpaka usiku unaisha, kwenye muvi hauwezi, ikabidi nyimbo zifupishwe, na hizohizo nyimbo za Abdel Wahab zikavuka bahari mpaka Zanzibar wapiga taarabu wakazipenda.

Mwaka 1940, kwenye muvi ya Yawm Said, Karim akampa nafasi mtoto mdogo anaitwa Faten Hamama. Ndiyo, yuleyule aliyekuja kuwa malkia wa muvi za Kiarabu.

Chuo cha sinema kilipofunguliwa Cairo 1959, yeye ndo akawa mkuu wake wa kwanza. Kafariki 1972. Haya, kabla ya maswali tutazame kipande cha Yawm Said, muangalieni huyo mtoto anavyoongea mbele ya kamera bila woga wowote, halafu mniambie nani alimfundisha.