Ukitaka uwakili usome nini kwanza?

Wazazi shikamooni, vijana wa fomu sikisi mambo. Mwalimu aliyenialika hapa Mbeya kaniambia swali lenu kubwa ni moja, nisome nini kwanza ndo niwe wakili.

Kinachowachanganya ni zile video za Marekani. Kule mtu anapiga digrii ya kwanza miaka minne, historia, uhasibu, hata fizikia, halafu ndo anaingia kusoma sheria miaka mitatu, na chama cha mawakili wao hakimlazimishi digrii fulani. Kwetu sivyo, digrii ya kwanza yenyewe ndo LLB, yaani shahada ya sheria, ukimaliza unaenda Shule ya Sheria kwa Vitendo kule Dar. Na LLB hata hapa Nyanda za Juu ipo, Ruaha Katoliki pale Iringa kwa mfano.

Ila 2022 mnakumbuka yale matokeo ya Shule ya Sheria? Watu 633, waliofaulu moja kwa moja 26, waliopewa marudio 342, waliodisko, yaani waliofukuzwa masomo, 265, mpaka serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe, waziri wa zamani, wa Kyela hapo chini. Na wote wale walikuwa na LLB mkononi jamani. Iliniuma sana.

Mimi naona ugonjwa unaanzia huku kwenye kombi, yale masomo matatu ya fomu faivu na sikisi, mtu yuko HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) miaka miwili anakariri madesa tu, hajawahi kuandika hoja yake mwenyewe. Sheria unapewa hukumu kurasa arobaini, utafute jaji kaamua nini na kwa nini, halafu upinge. Historia ikisomwa vizuri inafundisha hichohicho, nani kasema, alikuwepo, ananufaikaje. Kiingereza msikikimbie, na Kiswahili msikidharau, tangu 2021 sheria inakitambua kama lugha ya mahakama.

Wa HGE, Historia, Jiografia na Uchumi, nanyi msijione mmepotea. Mama mmoja wa Rungwe aliniletea mkataba wa parachichi, vifungu vyote safi, alikuwa anaumizwa kwenye hesabu ya makato kwa kilo, bila mtu anayejua mahesabu tusingeona kitu.

Sasa kabla vyuo havijafunguliwa nenda mahakama ya mwanzo iliyo karibu na kwenu, kaa nyuma, zima simu, sikiliza kesi, ukirudi andika ukurasa mmoja nani alikuwa na hoja na kwa nini. Mpeni mwalimu wenu, mimi nitazipitia zote. Haya, maswali.