Mama Mkwe Kwenye Mizani

AUMA: Karibuni tena. Ni sisi wawili, kama kawaida, hapa Kisumu. Leo tuna masomo manne ya usalama kwa marubani binafsi, yako kwenye karatasi, na nimeapa tutayamaliza. Lakini kwanza, Wafula, Jumanne ulirudi kutoka uwanja wa ndege umenuna. Ulikosewa nini?

WAFULA: Sikununa. Nilienda mafunzo yangu ya marudio. Mwalimu ni kijana, ndevu zenyewe bado zinajaribu. Kabla hatujaigusa ndege, akaburuta mizani ya kupimia viazi. "Mzee, panda."

AUMA: Ikasemaje?

WAFULA: Sakafu ilikuwa imebonyea.

AUMA: Nimeuliza mizani ilisemaje.

WAFULA: Mizani ikiwekwa mahali palipobonyea haisemi ukweli, Auma. Hata muuza viazi anajua.

AUMA: Haya. Na baada ya sakafu?

WAFULA: Tukapiga hesabu. Ndege yenyewe ni Cessna 172N. Uzito wa juu kabisa wa kupaa ni ratili 2,300, yaani kama kilo 1,043, na ndani yake kuna ndege yenyewe. Ukijaza tangi, mafuta peke yake yanapita kilo 100. Mzigo wa nyuma, mwisho kilo 54. Viti ni vinne, lakini watu wazima wanne na tangi kamili haviendani.

AUMA: Na hapo joto la Kisumu bado. Uwanja wetu uko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, nyuzi 30, hewa imekuwa nyepesi, ndege inafanya kazi kana kwamba iko futi 6,400 hivi. Nguvu ya injini inapungua, na bawa nalo linahitaji kukimbizwa zaidi ndipo liinue.

WAFULA: Hapa lami ni ndefu, utapaa tu. Shida ni kiwanja cha murram chenye mikaratusi mwishoni.

AUMA: Hilo ndilo somo la kwanza, uzito na joto. La pili...

WAFULA: Ngoja. Kijana akaniuliza, "Abiria wako wa kwanza atakuwa nani?" Nikamwambia mama mkwe, nimeahidi kumpeleka Nakuru. Akasema, "Basi naye apande mizani."

AUMA: Uwii!

WAFULA: Mimi ni Mbukusu! Mama mkwe hata mkono simshiki. Nikimwona barabarani naacha njia. Leo nimwambie, "Mama, vua viatu, panda hapa"?

AUMA: Na ndani ya 172 atakaa wapi? Mbele mnagusana mabega.

WAFULA: Atakaa nyuma.

AUMA: Nyuma! Pamoja na mkungu wa ndizi, kuku wawili na unga wa wimbi? Maana haji mikono mitupu huyo. Uzito wote ukisogea mkiani, pua inataka kuinuka, na ndege ikipoteza mwendo angani, kuishusha pua uokoke kunakuwa kazi.

WAFULA: Ndiyo nasema kuku waende na matatu.

AUMA: Kuku ni kilo ngapi, Wafula? Muulize yeye uzito wake.

WAFULA: Mke wangu atamuuliza.

AUMA: Atapunguza. Sote tunapunguza. Isipokuwa wenye sakafu zilizobonyea.

WAFULA: Nitakadiria. Namwongezea kilo 15 za heshima.

AUMA: "Kilo za heshima"! Kitabu cha ndege hakina safu hiyo. Unaona kwa nini nasema mafunzo ya marudio yawe lazima, kila mwaka, kwa kila mwenye leseni? Kijana yule asingekupandisha, ungeendelea kukadiria.

WAFULA: Hapo tunaachana. Mimi nilienda kwa hiari, ndiyo maana nilisikiliza. Yakiwa ya lazima, watu watakuja kutafuta sahihi. Chai, mandazi, sahihi, nyumbani.

AUMA: Wanaokuja kwa hiari ndio wasiohitaji kuja! Yule anayeruka mara moja Krismasi, akiwa amesahau hata redio inawashwa wapi, huyo humwoni.

WAFULA: Marekani rubani hukaa na mwalimu kila miezi 24, angalau saa moja ya darasa na saa moja angani. Wala si mtihani wa kufaulu au kuanguka. Na ukishiriki mpango wao wa hiari, ule wa WINGS, ukamaliza hatua yake, unahesabiwa umetimiza. Hiari inafanya kazi.

AUMA: Umesikia ulivyosema? Kila miezi 24, sheria. Hiari imepewa nafasi ndani ya lazima. Mtu hakwepi.

WAFULA: Na mwalimu mvivu akitia sahihi tu?

AUMA: Afuatwe huyo mwalimu. Hufuti mtihani wa shule kwa sababu kuna msimamizi anayelala.

WAFULA: Hutanibadilisha.

AUMA: Wala sikusudii. Nakusudia mama mkwe wako afike Nakuru.

WAFULA: Atafika. Na mafuta ya kutosha.

AUMA: Mafuta ya kutosha au tangi kamili? Ukipunguza mafuta ili kuku wapande...

WAFULA: Kuku wameshaenda na matatu!

AUMA: Jamani, hiyo saa ni ya kweli? Kwaya iko mlangoni.

WAFULA: Tumebakiza masomo mangapi?

AUMA: Matatu. Ngurumo za ziwani, barafu ya kabureta, pale injini inapochanganya hewa na mafuta...

WAFULA: Barafu, Kisumu hii?

AUMA: Ndiyo, Kisumu hii! Unyevu wa ziwa unatosha. Hewa inapoa inapopita ndani ya kabureta, barafu inajikusanya hata nje kukiwa na jua, injini inaanza kukohoa, na wewe...

WAFULA: Mwalimu wa kwaya anaingia.

AUMA: ...unavuta kile kishikio cha joto la kabureta, kamili, si nusu! Shikamoo, mwalimu. Dakika moja tu.

WAFULA: Amekataa. Chomoa waya.