Bahari Tunaifunga Wenyewe, Sheha Tunaletewa

Assalamu alaykum. Mwenyekiti kanipa dakika kumi, na wanaonijua washaanza kucheka, wanajua naanza na pweza.

Naanza na pweza. Kisiwa Panza kule Pemba, na vijiji vya kusini Unguja, watu hufunga kipande cha mwamba, mara nyingi miezi mitatu, hapavuliwi pweza. Pweza hukua mbio. Mdogo uliyemwacha leo, ukifungua umemkuta keshapita kilo. Lakini mie sikuja kusifia pweza, nataka mtazame linavyoamuliwa. Nilikaa kikao kimoja, baada ya alasiri, chini ya mwembe. Ubishi ulikuwa mpaka uanzie jiwe gani. Bibi mmoja akainuka, chumvi haijamkauka miguuni: "Hapo mnapopataka nyinyi wenye ngarawa hampakanyagi. Tunakwenda sisi kwa miguu maji yakitoka. Mnafunga tumbo langu, lenu mnaliacha wazi." Wanaume wakaguna, wakabisha, magharibi ikaingia. Mpaka ukasogezwa, na hakuna afisa aliyeusogeza.

Sasa niambieni. Watu wanaoweza kujinyima kitoweo miezi mitatu kwa makubaliano, sheha wao, msimamizi wa serikali hapo kijijini, hawamchagui. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Na barua ya ukaazi iko kwake, bila barua hiyo hata kitambulisho utakisikia kwa wenzako.

Najua, yupo pale nyuma atasema: na zamani je, sheha si akipeleka kodi Dunga kwa Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja? Akipeleka. Lakini akirudi kijijini anawakuta watu wanne, wazee wa mitaa, hawezi kuwapita. Anamkuta na mvyale, mzee wa mila za ardhi, na bila ya neno lake konde jipya halifyekwi. Utawala wa Mwinyi Mkuu ulikwisha 1873 na sitaki urudi, msinizulie. Nawataka wale wanne. Walikuwa wanaume watupu? Basi mmoja awe yule bibi.

Mwengine atasema sheha akipigiwa kura vyama vitaingia. Kwani vilitoka lini?

Nilikuwa na la msitu wa Jozani, mgao wa viingilio vya watalii kwa vijiji jirani, na la mahoteli na njia za kushukia pwani. Mwenyekiti ananionesha saa. La hoteli tuliache, litanipandisha presha. La Jozani, waulizeni wa Pete na Chwaka, watalisema vizuri kuliko mimi.

Maswali. Na asiniulize mtu habari za bei ya pweza.