Daftari la madeni linavyohamia kwenye simu kwa akili mnemba

Haya, shikamooni wakubwa, wadogo mambo! Niko dukani Kariakoo, vitenge mnaviona nyuma yangu, lakini leo siuzi. Leo ni daftari la madeni. Tunalipiga picha, akili mnemba inalisoma na kulipanga, halafu inatuandikia meseji za kukumbushia wadaiwa. Majirani zetu Kenya wanaiita akili unde. Jina lolote, ilimradi hela irudi.

Programu ziko nyingi: ChatGPT, Gemini, Copilot. Ya bure inatosha. Ninayotumia mimi siitaji, hawajanilipa. Kupakua na kufungua akaunti mnajua, naruka.

Kabla ya picha, ficheni majina. Mnaona nimebandika vikaratasi: M1, M2, M3. Namba za simu pia nimeziba. Deni la mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, si mapambo.

Sasa piga. Karibu na mlango penye mwanga, bila flashi, wino usije ukang'aa. Simu iwe juu kabisa ya... subirini, feni inapeperusha ukurasa. Zima hiyo feni, mdogo wangu. Hapana, hiyo ni taa! Haya. Tutatoka jasho, lakini tumepata.

Weka picha, kisha andika maelekezo. Mimi naandika hivi: "Soma ukurasa huu. Nipangie jedwali: mteja, tarehe, deni. Tarakimu usiyoisoma vizuri weka alama ya kuuliza, usikisie." Hilo neno USIKISIE msiliache. Hii kitu ikishindwa kusoma haioni aibu kama mtoto wa shule. Inakuandikia namba nzuri kabisa, ya uongo.

Mwaka jana mimi nililiacha. Dada mmoja, mteja wangu wa miaka, alikuwa na deni la 17,000. Ikasoma 77,000, nami nikatuma meseji bila kuangalia. Alikuja na mumewe, duka limejaa watu, kashika kikaratasi chenye mwandiko wangu mwenyewe. Alilipa 17,000 yake palepale. Siku hizi akipita ananipungia mkono tu, ananunua duka la pili.

Kwa hiyo jedwali likitoka, weka kidole kwenye daftari, ulinganishe mstari kwa mstari. M1, 45,000, sawa. M2, 18,000, sawa. M3, 11,000... mnaona? Sogeza kamera. Hapa nimeandika 71,000! Saba yangu haina mkia, kosa langu, lakini alama ya kuuliza iko wapi? Hakuna. Nimeiambia isikisie na bado imekisia. Elfu sitini ingeondoka hivi hivi. Narudia: mstari kwa mstari, hata kama umechoka, hata kama mteja anakusubiri.

Na jumla piga kwa kikokotoo. 45,000, 18,000, 71,000: 134,000. Hizi programu zinatabiri maneno, hesabu ndefu wakati mwingine zinateleza.

Meseji sasa. Ukiiambia tu "andika ukumbusho wa deni" inakuletea hii: "Mteja mpendwa, tunapenda kukujulisha kwamba..." Nani Kariakoo anaongea hivyo? Mtu ataona kama kaitwa mahakamani. Dawa yake, ipe programu mifano miwili ya meseji zako mwenyewe, uiambie iige. Mimi nimeipa hii: "Dada, habari za siku? Mzigo mpya umeshuka, kuna ya kijani uliyoiulizia. Kale ka-18,000 ketu kakikamilika nakuwekea pisi yako." Deni unalitaja, ila linapita katikati ya kitenge. Nami hapo napenda kuongeza salamu za watoto, hiyo ni yangu tu.

Haya, tazameni ilichoandika: "Dada, za masiku? Vile vya maua vimeingia..." Ee, huyu sasa amekaa dukani! Nafuta "vya maua" maana sina, naweka jina halisi kwa mkono, namtumia M2.

Wanaotaka hiki cha kijani, pisi ya yadi sita, njooni mapema, zimebaki nne. Simu inalia... M2 kashajibu! "Nitatuma jioni, dada."

Jioni ya lini, hajasema.