Hiyo Ardhi Tupu Iko Wapi?

Nimeitwa niseme juu ya "utajiri wa tamaduni za Mkoa wa Manyara". Utajiri wenyewe mnaujua: Wairaqw, Wagorowa, Wambugwe, Wadatoga, Wamasai, Wahadzabe, lugha za familia mbalimbali zinabanana kwenye basi moja la Babati. Hilo limekwisha. Mimi nina ugomvi na maneno mawili, na mlionisikia miaka iliyopita nivumilieni: ardhi tupu.

Twendeni Basotu, Hanang, miaka ya 1970. Serikali inataka ngano, Kanada inaleta mitambo na wataalamu. Wanatazama tambarare, hawaoni shamba wala bati, wanasema tupu. Tupu! Yale yalikuwa malisho bora ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga; wenyewe huyaita muhajega. Ng'ombe wanaingia kwa msimu wake, kisha wanahamishwa ili nyasi zipumzike. Nyasi kupumzika kukahesabiwa kuwa hazina mwenyewe. Zikaenda ekari kama 100,000 kwa mashamba ya ngano.

Na makaburi je? Mzee wa heshima akifa hujengewa bung'eda, kilima cha udongo kinachopandishwa taratibu kwa miezi tisa, ukoo mzima ukihudhuria. Trekta likalima juu yake.

Namsikia mtu huko nyuma: "Mwalimu, mkate je?" Mkate naupenda, leo asubuhi nimekula slesi nne. Nauliza tu ni nani aliombwa ruhusa kabla ngano haijapandwa juu ya babu yake.

Wanakijiji wa Mulbadaw, huko huko Hanang, walikwenda mahakamani kudai ardhi yao. Mahakama Kuu wakashinda. Mahakama ya Rufani wakaangushwa, na mojawapo ya sababu, shikeni viti vyenu, ni kwamba wengi wao hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji. Mbarabaig, Hanang, athibitishe kwamba si mgeni! Alete nini, risiti?

Haya, naonyeshwa saa. Shoroba za wanyama wa Tarangire, zilizo kwenye ratiba yenu, tuziache. Wachimbaji wa Mirerani nao watanisamehe. Ila Yaeda, bonde la Wahadzabe kule Mbulu, siiachi: mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Watu wa asali, mizizi na upinde, wasioishi kwa jembe, na hati wanayo. Kwa hiyo yule kijana aliyeniuliza getini pori la Yaeda ni la nani, asiondoke. Anisubiri hapo nje.